Ethi Iliyong'olewa Kwenye Migomba

Watu wakiniuliza mkono umefanya nini, nikijibu kwamba ni umeme, wengi hurudi nyuma nusu hatua, kana kwamba bado umo ndani na unaweza kuwarukia. Nimechoka kueleza. Naandika hapa mara moja, anayetaka asome. Namfikiria hasa mwenye lifti ya gari nyumbani kwake, na yule anayekaa sasa hivi kwenye benchi la hospitali na mkono uliofungwa kama mtoto mchanga, akisubiri kuitwa.

Mimi ni fundi wa magari. Niliacha shule kidato cha pili, baba alipofariki na mama akamfuata kabla mwaka haujaisha, nikabaki na wadogo zangu wawili, Naomi na Elibariki. Nilianza kwa kuosha vyuma kwa dizeli katika gereji moja ya Kimandolu, nikaishia kushusha injini. Leo gereji yetu iko nyumbani Akheri, uani, ikipakana na kahawa na migomba. Wateja wengi ni madereva wa magari ya watalii yanayotoka mbugani Momela yakiwa yamelegea miguu yote. Kwa miaka tulifanya kazi chini ya magari hayo tukiwa tumelala chali juu ya maboksi. Kisha tukapata lifti ya nguzo mbili, iliyokwisha kutumika kwingine, yenye mota ya umeme. Elibariki aliipenda kuliko mchumba wake, na mchumba wake alilisema hilo mbele za watu.

Fundi umeme alitufungia vizuri. Naomba hapa unisikilize, maana ndiyo sababu ya yote. Lifti ni chuma kitupu. Waya ukichubuka ndani ya mota, chuma chote kinaweza kuwa na umeme, na wewe unakishika kutwa. Kwa hiyo panafungwa ethi: waya unaotoka kwenye mwili wa lifti hadi kwenye fimbo ya shaba iliyozamishwa ardhini, ili umeme uliopotea ushuke huko na swichi ikate, badala ya kupita kwako. Fimbo hiyo inataka udongo wenye unyevu. Ua wetu tuliujaza moramu, ule udongo wa changarawe, kwa sababu ya matope, na moramu ni kavu. Fundi alipima huku na huku, mwishowe akaizamisha kwenye migomba, si mbali na makaburi ya wazazi wetu.

Sisi Wameru tunazika nyumbani. Makaburi yako palepale migombani, Krismasi tunayafyekea majani na kuyapaka chokaa, na siku nyingine tunapita tu tukienda kukata mkungu. Sikuona tatizo.

Masika yalikuwa yamekolea siku iliponipata. Gari lilikuwa limeletwa limejaa tope, tukaliosha palepale gerejini, sakafu ikawa maji. Buti zangu zilikuwa jikoni zinakauka, nilivaa kandambili. Niliegemeza mkono wa kulia kwenye nguzo ya lifti ili niiname kuangalia kama ile mikono yake imekaa sawasawa chini ya chasisi. Mkono haukurudi.

Sitasema uliuma. Maumivu yalikuja baadaye, na yalikuja na mizigo yao yote. Wakati ule ilikuwa kama kushikwa na mtu mwenye nguvu ambaye hana neno la kukuambia. Nilimwona Elibariki anakuja mbio kwangu, mikono mbele. Naomi akapiga kelele kutoka jikoni, "Usimguse, zima!" Elibariki akageuka. Lakini meni swichi ilikuwa ndani ya nyumba, sebuleni, nyuma ya kabati la vyombo, na kabati lile lina glasi za mama ambazo kila mtu wa nyumba hii amefundishwa kuzipita kwa adabu. Alilisukuma likaanguka. Alipozima, mkono ukaachia nguzo.

Basi, kama una lifti, weka swichi ya kuzimia ukutani, mahali unapoifikia bila kugusa lifti na bila kuingia ndani. Na mwenzako akinaswa, usimshike. Zima kwanza. Elibariki angenishika tungekuwa wawili, na Naomi angetuzika karibu na ile fimbo.

Jirani wa kwanza kufika alikuja na maziwa, ati yanapooza umeme. Wa pili akasema nifukiwe udongo hadi kiunoni ili ardhi ivute umeme uliobaki mwilini. Mwingine akaitikia akaenda kuleta jembe. Nilikuwa nimelala palepale nasikia kila neno, ulimi hautaki. Naomi akawaambia, "Wenye majembe, chimbeni pale getini gari linapokwama. Dada anakwenda hospitali." Walichimba. Nawashukuru kwa hilo.

Kwenye hospitali kubwa ya mjini nilikuta benchi, na kwenye benchi nilikuta watu. Sijui kwa nini mtu akishajua umepigwa shoti, lazima akuletee marehemu wake. Mama mmoja alinisimulia shemeji yake aliyepanda nguzo. Mzee mmoja akaniuliza kama moyo wangu bado unadunda upande uleule. Kijana aliyevunjika mguu kwa pikipiki alimwambia, "Mzee, mwache dada apumue, hadithi zako zinatutisha hata sisi wa mifupa." Nilitaka kucheka lakini kucheka kulikuwa kunavuta mkono.

Kidonda chenyewe hakikuwa kikubwa kukitazama. Kiganjani palikuwa na shimo jeusi, na chini ya mguu wa kushoto kingine kidogo, mahali umeme ulipotokea. Daktari aliniambia umeme huunguza ndani kuliko nje, kwa hiyo tusubiri tuone nyama gani itaishi. Hayo ndiyo maelezo ya kitaalamu niliyoyashika, mengine aliyasema kwa wanafunzi wake. Tulisubiri. Kila siku ya kufunguliwa bandeji nilikuwa naangalia ukuta, na kila siku nikimuuliza muuguzi, "Vipi?" naye anasema, "Bado tunaongea nacho." Kidole kidogo na cha pete havikukubali kuongea. Vilikatwa mvua zikiwa kali kuliko zote, na tulipoamka wodini paa lilikuwa linavuja juu ya kitanda cha jirani.

Muuguzi yule nitamkumbuka. Wengine walikuwa wanavuta bandeji iliyogandia kama wanachuna mbuzi. Yeye aliimwagia maji ya chumvi ya uvuguvugu, akakaa kitini, akasubiri ilegee yenyewe huku foleni ikimnung'unikia mlangoni. "Nitukane mimi," alikuwa ananiambia, "ila usiukunje mkono." Nilimtukana. Siku moja nilimtukana kwa Kimeru nikidhani haelewi, akanijibu kwa Kimeru.

Jumapili moja Elibariki alikuja na mtori, supu yetu ya ndizi, kwenye chupa ya chai. Nilikuwa nimeanza kuwa na akili ya kuuliza.

"Fundi umeme alikuja? Amesema kwa nini ethi haikufanya kazi?"

Akakoroga mtori. "Dada, kula kwanza."

"Elibariki."

"Ethi ilihamishwa."

"Na nani?"

"Baba mdogo. Yaani, mimi na Baba mdogo. Wewe ulikuwa mjini kufuata beringi. Alikuja akaiona, akasema si heshima, tunawasukumia wazazi umeme mbovu pale walipolala. Akasema tuing'oe kabla hujarudi, maana ukirudi utabisha."

Baba mdogo ni mdogo wake baba, na shamba lake limepakana na letu. Ni mzee wa kanisa. Tulipofiwa alitulimia mahindi msimu mzima bila kuombwa. Akisema kitu, Elibariki hana ulimi.

"Mkaihamishia wapi?"

"Nyuma ya gereji. Kwenye moramu."

"Imezama kiasi gani?"

Akanionyesha kwa mkono wake, kuanzia kwenye kiwiko hadi ncha za vidole.

Halafu nikauliza lile lililokuwa baya zaidi. "Na lifti?"

"Inafanya kazi. Usinikazie macho, dada, wateja wapo. Nimeweka mbao za kukanyagia. Na nashika kwa glavu."

"Glavu gani?"

"Zile za njano za Naomi. Za vyombo."

Kuanzia hapo mkono ukawa jambo la pili. Nilikuwa nimelala kitandani mjini, na mdogo wangu niliyemlea tangu akiwa anatambaa alikuwa anashika chuma kilekile, chenye mota ileile mbovu, kwa glavu za kuoshea sufuria. Nilimwambia asiiguse tena. Akasema sawa, kwa ile sauti ya kusema sawa. Alipoondoka nikampigia Naomi simu. Nikamwambia amlete fundi umeme, wazime meni swichi, wang'oe ile breka ya lifti, swichi ndogo inayolisha mota, waufunge vizuri waya uliobaki, kisha breka aniletee hapa.

Alikuja nayo kwenye mkoba wa kanisani. Niliiweka kwenye kabati la kitanda, pamoja na sabuni na mswaki. Muuguzi aliiona akauliza ni dawa gani hiyo. Nikamwambia ni ya mdogo wangu.

Elibariki hakuja wiki iliyofuata. Alimtuma Naomi aniambie kwamba nimemfungia riziki. Nikamwambia Naomi amjibu kwamba chini ya gari panalalika, maboksi bado yapo.

Baba mdogo naye alikuja, amevaa koti lake la ibada. Aliniombea vizuri na kwa kirefu, kisha akasema, "Mwanangu, wazazi walikasirika. Tuliwasumbua."

"Baba mdogo, ethi ndiyo iliyong'olewa. Ingekuwepo, swichi ingekata."

"Mimi nilikuwa nawalinda."

"Unamlinda nani?"

"Wazazi wako."

"Wale hawana mikono ya kuungua."

Wodi nzima ilisikia. Akachukua kofia yake. Hakurudi, na kipindi chote cha baridi hatukusemezana. Alikuwa anatuma ndizi, ila anaziacha getini.

Jambo lililonikera kuliko yote ni hili, nami nililifikiri sana ukungu ulipokuwa unashuka kutoka mlimani na madirisha ya wodi hayaonyeshi kitu. Watu walewale waliotaka kunifukia udongoni ili ardhi ivute umeme mwilini mwangu ndio walioafikiana na Baba mdogo kwamba ni mwiko fimbo ya shaba kuingia ardhini ifanye kazi hiyohiyo. Wanajua ardhi inavuta umeme. Hawataki tu ivute kabla mtu hajaungua.

Ngozi walinipandikizia wakati wa baridi hiyo, wakaitoa pajani. Paja liliuma kuliko mkono, hakuna aliyekuwa amenionya, kwa hiyo nakuonya. Leo kiganja changu kina ngozi laini isiyo na mistari, na ukingoni, vilipokatwa vidole, kunaota vinyweleo vya paja. Sehemu nyingine hazihisi kitu. Naweza kushika sufuria ya moto nikajua kwa harufu.

Niliporudi nyumbani niligundua mambo yasiyoandikwa kwenye kadi ya kliniki. Kufunga vifungo. Kusuka nywele. Kukamua nguo. Kumpa mkono mtu mkubwa, maana wa kushoto haupewi mkubwa na wa kulia ulikuwa umefungwa, basi nikawa natoa kiwiko na wazee wanakitazama wasijue wakishike au wakibariki. Naomi alikuwa ananiogesha. Nilimwogesha yeye utotoni kwa haraka na kwa kelele, naye alinirudishia vilevile, hata maneno ni yangu: "Simama vizuri, maji yanapoa, au tutaoga siku nzima?" Tuligombana kuhusu kila kitu, kuhusu uji, kuhusu mto, kuhusu nani amefunga mlango. Kisha jioni ananikunjua vidole vitatu vilivyobaki, kimoja kimoja, kama nilivyoelekezwa kwenye mazoezi, tunatazamana tukiwa tumekasirika, na hakuacha hata siku moja.

Kahawa ilipokuwa inaanikwa niliweza kushika kijiko. Ilipokwisha kuuzwa niliweza kushika spana ndogo, ingawa sikuweza kuikaza. Kukaza hadi leo anakaza Elibariki.

Breka ilikuwa bado kwangu, chini ya mto. Kabla ya vuli kuanza niliona yatosha. Nilimwita fundi umeme, nikamwita na Baba mdogo. Sikujua kama atakuja. Alikuja, akasimama upande wa pili wa makaburi, mikono nyuma.

Fundi akapima tena. Nyuma ya gereji, hapana. Kando ya choo, hapana. Akasema anaweza kuchimba mashimo kadhaa ukingoni mwa ua na kuunganisha fimbo nyingi, ila kiangazi yatakauka na atakuwa hawezi kulala usingizi. "Pazuri ni hapa," akasema, akionyesha migombani kwa kidevu, kwa kuwa hakutaka kunyoosha kidole kuelekea makaburini.

"Baba mdogo," nikasema, "naomba useme, mbele ya Elibariki. Nitaifunga lifti kabisa kama lazima. Lakini sitaiwasha bila ethi, na sitaki ing'olewe tena nikiwa mjini."

Akasema, "Hukuwaambia."

"Sikuwaambia akina nani?"

"Kaka yangu. Na mke wake. Umechoma chuma ubavuni kwa baba yako bila hata kusema hodi. Mimi napita asubuhi nakwenda kukata majani ya ng'ombe, naona chuma. Ungefikiri nini?"

"Ilikuwa ni hilo tu?"

"Ni hilo tu? Ndiyo. Tungewaambia, tungeomba, basi."

"Sasa kwa nini hukuniambia mimi?"

"Wewe huambiliki," akasema Baba mdogo. Nikamtazama Elibariki, naye akatazama migomba. Naomi peke yake alikuwa na ujasiri wa kutikisa kichwa kukubali.

Nilikaa juu ya ndoo iliyokuwa hapo. Sikujua nimkasirikie nani kwanza. Vidole viwili, ngozi ya paja, masika na baridi na kahawa nzima, kwa ajili ya sala ambayo ingekwisha kabla chai haijapoa. Na wote tulikuwa tunakaa umbali wa kuitana bila kupaza sauti. Andika hili pamoja na mambo ya nyaya: kabla ya kuzamisha chochote kwenye ardhi ya nyumbani, waulize wanaoipita kila siku. Fundi atakuambia unyevu. Hatakuambia nani atakuja kuing'oa.

Baba mdogo alivua kofia, akasema na ndugu yake kwa Kimeru. Alimweleza kwamba watoto wana kazi, kwamba kazi hiyo ina chuma kinachong'ata, kwamba fimbo hii ni ya kukifunga mdomo. Akamweleza pia kwamba binti yake mkubwa ana maneno makali na amerithi kwa mama. Ilikuwa sala ndefu na sehemu kubwa ilikuwa mashtaka. Nilisema amina hata hivyo.

Elibariki akapiga nyundo, fimbo ikazama yote. Fundi akafunga waya ndani ya bomba, akaonyesha ulipopita ili jembe lisiukate. Mota ilikuwa imekwisha kubadilishwa waya. Kebo ya lifti sasa inapita juu, haivuki sakafu. Swichi nyekundu ya kuzimia iko ukutani mkabala na mlango. Kuna kifaa kinachokata umeme ukivuja hata kidogo, chenye kitufe cha kukijaribia, na tunakibonyeza kila mwezi kwa sababu kifaa kisichojaribiwa ni pambo. Magari yanaoshwa getini. Anayeingia gerejini na kandambili anatolewa, hata awe mteja.

Nikatoa breka mfukoni nikampa fundi. Alizima, akaifunga, akawasha, akaanza kutafuta mita yake kwenye begi ili apime mwili wa lifti kabla ya yeyote kuusogelea. Nilikuwa nimewaambia wote wakae nyuma ya mstari tuliouchora sakafuni. Baba mdogo akauvuka, akaenda moja kwa moja kwenye nguzo, kiganja mbele.

"Ngoja nione kama kimetulia," akasema.

Nilimchapa ule mkono. Nilimchapa kwa mkono wangu wa kulia, kwa vidole vyangu vitatu na ngozi yangu ya paja, na sikuwa najua kwamba unaweza tena kwenda kasi hivyo. Mlio ulisikika hadi kwa ng'ombe.

Elibariki alishika kichwa. Mtoto hampigi baba yake mdogo, na mimi nilikuwa nimempiga mita chache kutoka kwa baba yangu, muda mfupi baada ya amina. Baba mdogo aliutazama mkono wake, akautazama wangu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuutazama bila bandeji.

"Umenipiga," akasema.

"Ndiyo, Baba mdogo. Shikamoo."

Alifikiri kidogo. "Marahaba," akasema, akatia mikono yote miwili kwenye mifuko ya koti, na akaiacha humo mpaka fundi alipomaliza kupima.